Kitikisa Rangi

Mota niliitoa kwenye mashine ya kufulia
iliyofia Keko, kwa mama mmoja aliyeniambia,
"Chukua, ila usinirudishie."
Springi nne za pikipiki. Mkanda wa cherehani
ukateleza, nikafunga wa jenereta.
Shafti nikaichomelea kombo, makusudi,
maana kilichonyooka hakitikisi.

Kidawa mlangoni, mkono kiunoni:
"Hiyo itakula Luku kuliko friji."

Jaribio la kwanza, kifuniko kikaruka.
Kijani cha mlango wa msikiti kikapaka dari,
kikapaka kalenda, Machi yote,
kikampaka hata paka.
Kidawa hakusema kitu. Alileta tambara.

Sasa kopo nalifunga kwa mpira wa tyubu,
nahesabu hadi mia mbili,
na meza inatembea kidogo kidogo kuelekea uani
kama mtu anayedaiwa.
Rangi inatoka laini, haina tope chini.

Miaka kumi na tisa nilitikisa kwa kiganja hiki.
Usiku kiliendelea chenyewe, kikitikisa hewa,
Kidawa akikishika hadi kitulie.

Jana kilitulia mapema.
Akakishika hivyo hivyo.