Nyaya Mbili

"Hii si redio," Kasoki aliniambia
kabla sijagusa hata skrubu moja.
Alijua nilikotoka: kibanda cha Birere,
ambako nilifungua kila kitu kwa ncha ya kisu
huku mwenye mali amesimama mlangoni.

"Vua pete. Vua saa. Mkufu utie mfukoni."
Pete iligoma kwenye kiungo,
miaka sita haijatoka.
"Sasa izime kwa amri, usiinyonge.
Iache ifunge madaftari yake yenyewe."
Feni za seva zikashuka sauti, zikanyamaza,
na ng'ambo ya ukuta wa makoro
tukawasikia akina mama wa leba.

Nikachomoa waya. Nikashika kifuniko.
Akanikamata mkono.
"Hesabu tena."

Nyuma, taa ndogo ya kijani bado ilinitazama.
Waya wa pili.
Ina midomo miwili ya kunywea umeme;
ukiziba mmoja, inanyonya kwa mwingine.
Himbi nzima tunalala gizani siku tatu,
na hii hapa imejiwekea akiba!
Nikachomoa. Taa ikafifia shingo upande.

"Bonyeza kitufe cha kuwashia, ukibane."
Kuwasha maiti? Nilicheka.
Hakucheka. Ni kuitoa mabaki, alisema,
yale mate ya mwisho kooni.

Kisha ukanda wa kifundoni, ncha yake kwenye chuma kitupu,
kwa kuwa mwili wangu nao una umeme, eti,
kidogo, wa kuua kumbukumbu kimyakimya.
"Wewe hutausikia. Yenyewe itausikia."

Kifuniko kikateleza nyuma.

Vumbi jeusi.
Si la barabarani, sote wawili tulilijua.
Usiku ule anga lilipokuwa jekundu,
siku zile tulipokwenda Sake kwa miguu,
magodoro kichwani, watoto juu ya chukudu,
feni hizi zilibaki hapa kwa nguvu za betri
zikiuvuta mlima puani.

"Usipulize. Mate ni maji."
Akanipa brashi laini, kama ya kupaka poda.
"Haya, taja. Gusa kwa jicho tu."

Feni sita, mstari mmoja.
Ubao mama, kijani,
kama malisho ya Masisi ukiyatazama kutoka juu.
Vijiti vya kumbukumbu kumi na viwili, nafasi nne tupu.
Mapezi ya alumini, na chini yake kichakata.
"Na katikati yao?"
Nilisahau. Dawa nyeupe ya kupitisha joto.
"Isiyoguswa," aliongeza.
Betri bapa kama sarafu,
ndiyo inayoshika tarehe umeme ukikatika.
Diski nane mbele, na mkono wangu tayari uko kwenye ya kwanza.

"Andika namba kwanza!
Kwetu Wanande jina husema wewe ni mtoto wa ngapi.
Na hizi ni hivyo hivyo. Ukizichanganya, ukoo umepotea."
Ukoo kweli: humo ndani
wamo wote waliozaliwa hapa tangu jengo lifunguliwe,
na binti yangu, kilo mbili na nusu, Jumanne.

Likabaki sanduku dogo la pembeni, lenye skrubu nne.
Kisu cha Birere kikaniwasha kiganjani.
"Hilo halifunguliwi."
"Lakini limezimwa."
"Limezimwa," alirudia,
akageuka kutazama dirishani.
Mlima ulikuwa pale, na wingu lake kichwani.
Sikuuliza tena.

Tulibadilisha kijiti kimoja. Basi, kazi yote ilikuwa hiyo:
kukibana ncha zote mbili hadi vilipolia *tak*, *tak*.
Kifuniko. Waya. Waya.
Muuguzi akachungulia, karatasi mkononi:
"Imerudi? Nina jina linasubiri."

Saa mbili usiku, nyumbani, nanawa mikono,
mke wangu akakitazama kidole.
Kisha akaitoa pete mfukoni mwa suruali yangu, mwenyewe,
akaiweka mezani kando ya ugali.
Nikaanza kumweleza habari za nyaya mbili.

"Mbili," alisema.
"Hesabu tena."