Meno ya Kondoo

Saa sita mchana tuliwasha taa.
Kuku walikwisha kurudi bandani, wakalala,
wakaamka, wasijue wameamkia nini.
Mlima wenyewe uko ng'ambo, Chile, hatujawahi kuuona;
ni upepo uliotujulisha.

Moto huzaa jivu, husemwa,
kwa maana ya mtoto goigoi asiyemfaa babaye.
Mtoto huyu hawakumwona.
Hili si jivu la mekoni, laini, la kusugulia masufuria.
Chukua kidogo, lifikiche kati ya vidole:
kioo. Kioo kilichosagwa na asiye na haraka.

Don Fermín Huenchul alikuwa na kondoo mia nne na kumi na wawili.
Najua, maana ni mimi niliyetumwa kuwahesabu,
mimi na fomu, na kalamu iliyokwaruza
kana kwamba naandika juu ya msasa.
Fomu iliuliza: Waliokufa. Walio hai.
Haikuwa na nafasi ya wale waliosimama katikati.

Manyoya yalibeba jivu, yakanyeshewa, yakaganda kama saruji;
kondoo akilala haamki.
Eulogia, mkewe, aliwainua mmoja mmoja kila alfajiri,
magoti chini, bega ubavuni, soksi ya nailoni puani,
moja, mbili, haya mama,
mpaka alfajiri moja naye akabaki pale chini
akicheka, hana pumzi ya kuinukia.

"Shika hapa," mzee akaniambia.
Nikafungua kinywa cha jike la miaka mitatu.
Nikatafuta meno.
Yalikuwa yamelika hadi kwenye fizi, bapa, ya bibi kizee.
"Nyasi zipo," akasema. "Fukua kidogo tu, zipo."
Zilikuwapo kweli. Na kila tonge la nyasi
lilikuja na tupa yake.

Mto ukapita mweupe kama maji ya kuoshea mchele.
Paa la Ayelén lilishuka usiku, polepole,
kama mtu anayekaa kitini.
Shuleni watoto walichora jua kwa kukumbuka;
mmoja alilipaka rangi ya kijivu na mwalimu hakumsahihisha.
Magazeti yalitutaja siku ndege zilipokwama mji mkuu
na abiria wakalala juu ya masanduku yao.
Tuliwahurumia. Sisemi kwa kejeli.
Kukosa kwenda unakokwenda nako ni jambo.

Alikuja mtaalamu, viatu safi, akasema:
miaka ikipita, udongo utashukuru.
Don Fermín akamuuliza miaka mingapi.
Akamuuliza tena, kwa upole, maana mtaalamu hakusikia,
au alikuwa akipangusa miwani.

Huenda alisema kweli.
Mwaka huu, mwaka wa tatu, Eulogia ameniita nyuma ya zizi.
Kikohozi kwanza, kisha maneno: "Tazama."
Chini ya kichaka cha miiba, jivu limeshika unyevu,
na humo majani mapya, membamba, mabichi
hata nikaona aibu kuyasimamia na viatu vyangu.

Yule jike yuko bado. Mzee humlisha uji wa pumba kwa mkono.
Tukamvuta hadi pale, tukamwinamisha shingo.
Aliyanusa majani, kwa adabu tu,
kisha akageuka
kuitafuta ndoo.