Kijivu cha Zdravka

Printa yangu inajua neno moja tu: nyeusi.
Tena hailinong'oni.
Ama nukta ipo, ama karatasi imebaki kama ilivyokuja.
Nilimweleza hivyo Bwana Spas, asubuhi ya leo,
theluji ya Vidin ikimyeyukia mabegani,
naye akaweka picha juu ya kaunta, akasema:
"Nywele zake zilikuwa za kijivu.
Si nyeupe, Yordanka. Si nyeusi. Usimkosee."

Kwetu marehemu hutangazwa mlangoni:
karatasi moja, jina, tarehe mbili, uso.
Mlangoni, kwenye nguzo ya taa, kituo cha basi,
na siku ya arobaini tunawabandika upya.
Nusu ya mtaa huu nimeichapa mimi.

Basi nikaipitisha picha kwenye skana
na mashine ikaanza hesabu zake za bakhili:
kila kijumba, nukta sita kwa sita.
Shavuni tia nne. Nywele, kumi na moja.
Chini ya kidevu, ishirini na tisa.
Mboni za macho jaza zote, pasibaki tundu.
Leza ikalipapasa pipa gizani
ikiacha alama zisizoonekana,
unga mweusi ukazifuata kama sisimizi walionusa sukari,
kisha rola, moto, ukaganda.
Karatasi ikatoka na joto la mkate.

Spas alikuwa fundi saa. Hatembei bila lenzi yake.
Akaibana jichoni, akainama,
akakaa huko muda mrefu mno.

"Hayumo," akasema.
"Nimetafuta nywele, nimekuta punje,
safu zimelala mshazari kama mvua ya upepo.
Kijivu kiko wapi?"

Sikuwa na jibu la kistaarabu.
Nikamwambia: hakipo.
Miaka kumi na tisa, hakijawahi kuingia dukani humu.
Kijivu ni mtoto wa jivu, na humu hakuna kilichoungua.
Kuna nyeusi niliyoitia na nyeupe niliyoiacha;
yaliyobaki ni kazi ya jicho lako,
maana halina subira ya kuhesabu.

Akaitoa lenzi.
Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya nne,
mpaka mgongo ukagusa mlango na kengele ikalia.
Hapo akanyamaza.
Ninajua mtu anavyosimama akimwona mtu.

Akataka nakala kumi na mbili. Akalipa kwa sarafu,
akizipanga kaunta moja moja, zisigusane.

Jioni nilipofunga duka nilipita kwao.
Zdravka yuko mlangoni, pini nne,
theluji imeanza kumfuta paji la uso
kijumba kwa kijumba.
Na Spas yuko ng'ambo ya barabara, bila kofia,
pale hasa ambapo nukta huacha kuwa nukta.
Nilimwita. Akapunga mkono.
Hasogei karibu.