Tafsiri ya Nyaboke

Saa nane mchana, Jericho,
cherehani zilinyamaza zenyewe.
Mguu uliacha kukanyaga,
sindano ikabaki imezama nusu kwenye sare ya mtoto wa mtu,
na mtoto wa mtu angengoja.

Tulijazana chumbani kwa Rasoa, mwenye runinga:
inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe,
kitambaa cha kufuma juu yake,
na antena tuliyoiongezea uma wa kulia chakula.
Picha ikianza kutetemeka, Wambeti alisimama
akashika waya kwa mkono wa kushoto. Ikatulia.
Mkono wa kulia haukufaa, tulijaribu.
Basi Wambeti aliutazama mchezo ule miaka minne
akiwa wima, shingo kaipinda kama kuku anayesikiliza.

Kiingereza alikijua Nyaboke peke yake.
Aliwahi kuwapikia chai mawakili, barabara ya Kimathi.
Alikaa mbele yetu juu ya debe, mgongo kwetu,
akitumegea hadithi:
"Anasema mtoto si wake."
"Anauliza, kama si wako ni wa nani?"
"Sasa kanyamaza. Hapo hata mimi siwezi kutafsiri."

Midomo ya watu wale wa mbali
ilimaliza kusema kabla ya sauti,
na sauti ilimaliza kabla ya Nyaboke,
hivyo kila neno la mapenzi lilitufikia
limechoka, lina vumbi la safari,
nasi tukalisogezea kiti.

Graciana alizikwa mara mbili.
Mara ya kwanza Rasoa alikoroga uji,
tukanywa kimya kama tuko matangani.
Mara ya pili tulicheka, lakini si sana,
maana wiki ile Rasoa alikwenda Kenyatta kwa ajili ya kifua,
kwa miguu yake mwenyewe,
akatuambia tuyaangalie maharagwe.
Tuliyaangalia maharagwe.
Sisi tuliozoea wafu wa saa nane
tuliutazama mlango miezi mingi.

Kisha Don Evaristo akaja na uso mwingine.
Mtu mfupi zaidi, masharubu yaleyale.
Sauti ilitangaza, Nyaboke akasema,
"Kuanzia leo huyu ndiye yeye."
Tulikasirika hadi Ijumaa. Jumatatu tukamzoea.

Kwangu mimi, Musembi alirudi kutoka Mombasa
baada ya miaka mitatu,
uso uleule, suruali ileile,
na ndani mtu mwingine.
Hakuna aliyetangaza.

Halafu siku ya kisima.
Don Evaristo kapiga goti, mkewe kasimama,
nami maneno nayakumbuka kwa sauti ya Nyaboke,
yenye Kisii chake ndani:
"Nilikukuta umejaa, nikakumwaga.
Sina cha kukurudishia ila mikono hii.
Nisamehe."
Sikulia. Nilitoka hadi bombani,
nikafungua maji, nikafunga, nikafungua.
Mwaka ule niliacha kufungasha nguo zangu usiku.

Juzi mjukuu wangu Mwende kaupata mchezo kwenye simu.
Una rangi! Gauni la Graciana ni kijani,
na mimi miaka yote hii nimemvika jekundu.
Tukafika kisimani. Nikamwambia, tulia, sikiliza hapa.
Akasikiliza.
"Susu, anauliza farasi kauzwa pesa ngapi."
Rudisha nyuma.
Akarudisha.
"Farasi, susu. Na goti kapiga anafunga kamba ya kiatu."

Nyaboke yuko Keroka sasa, masikio yamekwisha,
simu hupokea bintiye.
Ningemuuliza nini, hata hivyo, kwa kupiga kelele?

Nilimaliza kukunja nguo. Mwende alilala.
Ndipo nikaiona tena siku ile,
Wambeti na waya wake, mwanga wa mlangoni,
na debe:
debe lilikuwa limegeuzwa.
Nyaboke alikuwa ameipa runinga mgongo.