Risiti

Mbwa wangu anaitwa Deni
kwa sababu nilimchukua kwa mkopo kule Magu,
na kwa sababu akishaanza kukimbia
hakuna anayemfikia.
Mbavu zake zinahesabika kama meno ya kitana,
kiuno ungekifunga kwa mkanda wa saa.
Akiona, amekamata.
Lakini lazima aone.

Sungura wa Kisesa wanalijua hilo.
Wanaruka mara mbili kwenye mabua ya mtama,
wanakata kona, wanazama kwenye minyaa
au katikati ya mawe yale yaliyobebana,
na Deni anabaki uwandani,
mguu mmoja juu,
anautazama upepo kama mtu aliyesahau
alichotumwa dukani.

Nikasema: macho yapo, miguu ipo. Pua hakuna.

Nyanzobe wa Igombe alikuwa na watatu,
uzao wa jike mmoja wa masikio marefu
aliyeachwa na mhandisi mkataba ulipokwisha.
Niliwakuta wamelala chini ya vichanja.
"Wote wananusa," akasema, akigeuza dagaa kwa reki.
"Hata mimi nanusa. Nataka anayechagua."

Nilikuwa na ngozi ya sungura mfukoni, ya juzi.
Nikaifunga kamba, nikaiburuta
kutoka kwenye mitumbwi iliyopinduliwa
hadi katikati ya dagaa walioanikwa mchangani,
maana ufuko huu wote, hata mito ya kulalia, unanuka dagaa,
na pua isiyoweza kuvuka dagaa
haitavuka chochote.
Nikaimalizia nyuma ya choo cha mwaloni.

Wa kwanza, dume, kifua gunia la saruji:
alifika kwenye dagaa akapiga kambi.

Wa pili alibweka tangu anafunguliwa.
Akambwekea korongo, akaibwekea ndoo,
akakibwekea kivuli chake mwenyewe.
Huyo ukimwamini
utashinda ukikimbilia maneno matupu.

Wa tatu hakuamka.
Nyanzobe akamsukuma kwa ncha ya kandambili.
Jike, miguu mifupi, sikio moja limechanika.
Akapiga mwayo, akateremsha kichwa
kama mtu anayesoma maandishi madogo
chini kabisa ya mkataba.
Akatembea. Kweli, alitembea tu.
Kwenye dagaa akasita
(nami nikasita),
akanyanyua mguu, akawavuka.
Nyuma ya choo ndipo alipotoa sauti,
moja, nzito, ndefu,
hata muuza barafu akageuka.

"Mzito huyo," Nyanzobe akanionya. "Utazeeka ukimsubiri."
Nami, kusema kweli, nilikuja kutafuta mbio nyingine,
Deni wa pili, ili nitambe.
Lakini wenye mbio wawili huvunjana shingo
kwa sungura mmoja,
na sungura akaenda zake.

Elfu thelathini, na paja la kila sungura wa tano.
Nikalipa taslimu.
Jina likajileta lenyewe.

Jumamosi, umande ungali kwenye mabua,
Risiti akaingia kichakani, mkia tu unaonekana.
Nikabaki nje na Deni kambani, anatetemeka mwili mzima,
nikijifunza kazi iliyo ngumu kuliko kukimbia.
Kimya. Kanga wakaruka; hakusema kitu.
Kimya tena.
Kisha ile sauti.

Sungura akachomoka upande wa mawe,
nikaachia kamba,
na mengine yalikwisha kabla sijavuta pumzi.

Nilikuwa nimeshaanza kuchuna
Risiti alipotokea, kichwa chini, hana haraka,
akifuata kila kona marehemu aliyoikata,
hii, na hii, na ile aliyorudia mara mbili,
hakuruka hata moja,
mpaka pua yake ikagusa ngozi mkononi mwangu.

Akakaa. Akamtazama Deni.
Hesabu imekubali.