Saa Tisa Sipokei Simu

Saa tisa alasiri sipokei simu.
Hata chama cha msingi kikituma mtu
kuja kuniambia mnada umefunguliwa,
atanikuta na sinia la korosho mapajani,
macho ukutani,
nabangua bila kutazama.

Jana Shombo alikuwa anataka kusema
nani baba wa yule mtoto.
(Shombo tumembatiza sisi, hapa Newala.
Kwao ana jina refu lenye mabehewa.)
Miezi saba namngoja.
Akafungua kinywa,
kioo kikageuka ramani.

Marekani. Wanahesabu.
Nyekundu huku, samawati kule,
kama sare ya shule iliyolowekwa na kanga mpya.
"Wamrudishe Shombo wetu!" Nantende akafoka,
akaipiga televisheni ubavuni.
Nikamwambia, tulia, shoga,
hii nayo tamthilia,
ila waliotafsiri hawana ufundi.

Tazama yule mke, kasimama hatua moja nyuma,
anapiga makofi kwa ncha za vidole.
Namjua. Huyo ni sehemu ya mia na arobaini,
wiki moja kabla hajauza shamba la mume.
Miaka kumi na minne nimekaa mbele ya kioo hiki,
sikukaa bure:
anayelia jicho moja anadanganya,
anayeleta maua bila sababu anayo sababu,
na maiti usiyoiona ikifukiwa, iwekee sahani.
Kwa hiyo mtangazaji aliposema fulani ndio basi, kwisha,
nilicheka hadi ganda likanirukia jichoni.
Kwisha! Mara ngapi Shombo katumbukia korongoni,
gari likawaka moto,
Jumatatu karudi na nywele mpya?

Kitu kimoja kilitushinda.
Eti kule unaweza kupata watu wengi zaidi
na bado ukashindwa.
Nantende akauliza, "Kama mizani ya ghalani?"
Hatukuongeza neno.
Mizani ya ghalani tunaijua.

Mimi mwenyewe korosho zimenila vidole.
Mafuta yake hayana huruma, yanachuna kama deni.
Nilipokwenda kusajili laini ya simu,
kijana alilikandamiza dole gumba langu mara tisa,
akafuta kioo kwa shati, akarudia,
kisha akasema kwa adabu,
"Mama, mashine inasema hakuna mtu."
Hakuna mtu,
na mtu kasimama pale, kavaa kitenge kipya.

Ramani ile niliisahau upesi.
Mwezi wa pili, Somoe, mtoto wa dada yangu,
aliyekuwa akipima watoto wa Kitangari kwenye mradi,
akapata ujumbe wa mistari mitatu:
mkataba umekoma,
rudisha pikipiki,
rudisha na mizani.
Nikamuuliza, nani kaamua?
Akautaja mji ule wa kwenye ramani,
akautaja vibaya, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jamani, Shombo ni mbaya, simtetei.
Kagombanisha ndugu wa tumbo moja,
kamtilia sumu farasi asiye na kosa.
Lakini Shombo hajawahi kutoa mkono kiooni
akaifuata pikipiki Kitangari.
Ubaya wake nikizima swichi unalala.

Siku hizi Somoe anabangua nami.
Bado mgeni wa kazi, anaponda kokwa.
Nampaka jivu vidoleni kila asubuhi,
ananung'unika kwamba linamkausha ngozi.
Likukaushe, nasema. Alama zako zitunze,
usije ukaambiwa na kioo kuwa haupo.
Na taarifa ya habari sasa naitazama mpaka mwisho.
Sielewi nusu yake.
Naangalia nani anasimama nyuma ya nani.

Ehe, baba wa mtoto.
Ramani ilipotoka siku ile, umeme nao ukaondoka,
uliporudi sehemu imeshakwisha.
Nantende kasikia sokoni kwamba ni padri.
Mimi siafiki.
Padri hana macho yale.