Mara Moja Tu, au Daima

Simu yenyewe ni ya mkono wa pili.
Niliinunua soko la Bałuty, hapa Łódź,
kwa mzee auzaye pia vitasa, na saa zilizogoma.
Kioo kina ufa pembeni, mwembamba
kama unywele kwenye sahani ya mgeni.
"Ufa huu hauzidi," akaniapia, "dhamana siku saba."

Lakini ndani!
Ndani nilikuta nyumba iliyopangwa na wengine:
duka la kampuni, mchezo wa peremende,
msaidizi anayeitika bila kuitwa,
na upau wa kutafutia, umepigiliwa juu kabisa.
Nikiuvuta haubanduki,
nikiuburuta unarudi pale pale
kama mama mkwe na kiti chake cha dirishani.

Miaka ishirini na sita nimekaa hivyo.
Kabati la Lesław. Pazia la mama yake Lesław.
Meza ambayo nikiisogeza kiganja kimoja tu
nikitoka kazini naikuta imerudishwa.

Mwanangu Ziemowit, anachomelea meli huko Bergen,
akaniandikia: Mama, weka kizinduzi kingine.
Si lazima ukae ulivyokuta.
Sina hakika alikuwa akisema simu.

Basi Jumapili usiku, chai ya limau mkononi,
mabomba ya joto yakigugumia ukutani,
nikapakua.

Kikaibuka kisanduku chini ya kioo:
Utumie ipi kama skrini ya mwanzo?
Na vitufe viwili:
MARA MOJA TU. DAIMA.

Kidole kikaganda hewani.
Lile neno la pili nimeshalitamka,
mbele ya padri mwenye mafua, mwezi wa Februari,
kanisa baridi hadi shada likakakamaa,
wala hapakuwa na kitufe cha kwanza.

Nikabonyeza mara moja tu.

Kila kitu kikatoweka. Uwanja mtupu.
Nilipanga safu tano, nikaona ni gulio, nikabomoa.
Zikabaki mbili, aikoni tatu tatu.
Nyuma yake nikatandika picha ya ukuta
wa kiwanda alichofumia mama, matofali mekundu,
na aikoni nikazivua rangi zote, zikawa mistari myeupe,
chaki ya fundi cherehani juu ya kitambaa kisichokatwa.

Na majina! Hakuna aliyeniambia
kwamba majina hubadilishwa.
Unakandamiza, unangoja kidogo, jina linalegea.
Benki nimeiita Jikaze.
Kengele ya alfajiri: Haya.
Kamera: Ushahidi.
Hali ya hewa nimeiita Bergen, inaniletea mvua ya kule,
maana ya hapa naiona mwenyewe dirishani.
Kile kimkonga cha kupigia nimekiita Ziemek,
sina mwingine wa kumpigia.

Lesław sikumfuta.
Kuna kuficha: programu ipo, inalamba betri kidogo,
ila haionekani. Na mahakamani bado tuko hivyo hivyo.
Ujumbe wake kuhusu kabati uingie, ukae huko gizani.

Kidole kikishuka, tochi inawaka,
kwa ajili ya ngazi zetu, balbu iliungua tangu Pasaka.
Nikigonga mara mbili popote, kioo kinazima.
Hicho ndicho nilichokichezea mpaka saa nane za usiku:
gonga gonga, kimya.
Gonga gonga, kimya.

Kwenye tramu ya kwanza, nikielekea ghala la dawa,
nikagusa kitufe cha nyumbani,
na kisanduku kikaibuka tena, kinauliza
kama karani aliyesahau jibu la jana.
Kijana aliyekaa kando akachungulia.
"Bonyeza daima, bibi, kisikusumbue."
Nikamwambia hakinisumbui.
Mara moja tu.
Nikakaribia kupitiliza kituo changu.

Jioni nikapanda ngazi kwa tochi.
Meza ilikuwa kiganja kimoja karibu na dirisha,
pale pale nilipoiacha.